Tupeane uzoefu: kitambi cha baada ya miaka 50 kilikutokaje?

Mleta mada

Habari za muda huu ndugu zangu.

Mimi ni mwanamke, nimetimiza miaka 58. Hadi nafika 47 tumbo halikuwahi kunisumbua. Nikinenepa nanenepa mapaja na makalio, nikipunguza chakula wiki mbili nguo zinanienea tena. Hedhi ilikoma nikiwa na 51, na hapo mwili ukabadilisha ghala: miguu ikawa myembamba, makalio yakaisha, tumbo likatangulia mbele. Kwenye mizani niliongezeka kilo 6 tu, lakini hakuna sketi iliyokubali kufunga.

Nilianza na njaa. Mlo mmoja kwa siku, miezi mitatu mizima. Kilo 8 zikatoka na watu wakanisifu. Uso ulisinyaa, mikono ikalegea, nikawa nashika ukuta nikipanda ngazi, na tumbo lilipungua kidogo mno. Niliporudi kula kawaida zile kilo 8 zilirudi zote ndani ya nusu mwaka, nyingi zikatua tumboni. Mtaalamu wa lishe ndiye aliyenifungua macho: mwili ukinyimwa chakula huku misuli haifanyishwi kazi, unakula na misuli yake. Na umri wetu huu misuli tayari inapungua yenyewe. Kuanzia miaka ya 30 mtu hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na akivuka 60 kasi inaongezeka. Kwa hiyo nilichopoteza kilikuwa kwa sehemu kubwa misuli, nilichorudishiwa kikawa mafuta.

Mara ya pili sikuanza na mizani, nilianza na futi ya fundi cherehani. Kiuno sentimita 101. Nikachukua kiti cha mbao cha jikoni, nikakiegemeza ukutani kisiteleze, nikawa nakaa na kuinuka bila kushika popote, mikono imekunjwa kifuani. Siku ya kwanza niliweza mara 5, ya sita nikaanguka chali kwenye kiti. Leo nafanya mara 15, napumzika, narudia, jumla mizunguko mitatu, huku nimekumbatia mfuko wa mchanga wa kilo 6. Siku tatu kwa wiki. Juu ya hapo kila mlo lazima uwe na kitu cha kujenga mwili, yaani mayai, samaki, maharage au maziwa, na baada ya chakula cha jioni natembea nusu saa.

Miezi mitatu ya mwanzo mizani haikusogea hata nusu kilo. Futi ilionyesha kiuno kimeshuka sentimita 3. Kama ningekuwa na mizani peke yake ningeacha. Miezi 14 baadaye kiuno ni 90 na uzito umepungua kilo 4 tu. Sketi zangu za zamani zimerudi.

Sasa nawaomba nanyi. Semeni umri, mlianzia wapi, nini kilisaidia, nini kilipoteza muda wenu. Wale wenye dawa za kuuza, tafadhali tuachieni uzi huu.

---

Babu Mstaafu

Asante mama kwa kufungua mlango. Mimi 63, kiuno changu kilikuwa 112. Kilichonishtua si kioo. Nilikwenda kupimwa altrasaundi kwa maumivu ya ubavu, daktari akanionyesha ini langu kwenye kioo cha mashine, linang'aa jeupe. Akasema hayo ni mafuta. Nikamwuliza yametoka wapi wakati mimi silewi kabisa. Akaniuliza nakunywa nini mchana.

Soda mbili kila siku, zaidi ya miaka 20, na vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Kopo moja la soda la mililita 330 lina sukari karibu gramu 35. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Maana yake kopo moja tu lilikuwa linanivusha.

Soda niliacha siku hiyohiyo. Chai nilishuka nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi haukugundua. Chakula sikubadilisha sana, ila nilianza kula mboga kwanza kabla ya wali, na nikajikuta wali unanishinda. Mwaka na nusu, 112 imekuwa 99. Safari haijaisha.

---

Mkaa Kimya

51, mwanaume. Nilipiga zile za kulala chali na kuinua kifua, 200 kwa siku, miezi sita. Kiuno hakikupungua hata sentimita, mgongo ukaniuma hadi nikatibiwa. Mkanda wa kubana tumbo nao nilivaa, jasho tele, nikivua na kunywa maji mambo yako palepale. Msirudie kosa hili.

---

Mleta mada

Pole sana. Hapo wengi tumedanganyika. Mazoezi ya tumbo yanaimarisha msuli ulio chini ya mafuta, mafuta yenyewe hayana habari. Mwili huchota mafuta kutoka mwili mzima kwa mpangilio wake, wewe huuchagulii uanzie wapi.

---

Nesi wa Zamu

Naomba nichangie kwenye kupima, maana naona wengi kliniki wanapima kwenye mkanda wa suruali, chini ya kitambi. Hapo utajidanganya miaka yote.

Vua nguo sehemu ya tumbo. Papasa ubavuni utafute mfupa wa mwisho wa mbavu, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hiyo mifupa miwili ndipo futi inapozunguka, kwa wengi ni juu kidogo ya kitovu. Simama wima, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Futi iguse ngozi bila kuibana. Pima mara moja kwa wiki mbili au kwa mwezi, saa ileile, asubuhi kabla ya kula ni bora.

Shirika la Afya Duniani linaweka mstari wa tahadhari kwenye sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, na hatari kubwa kuanzia 102 na 88. Kuna kipimo kingine rahisi zaidi: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa 160 abaki chini ya 80. Hakimaanishi ukizidi unaumwa, ila kinakwambia uende ukapime presha, sukari na mafuta ya damu.

Sababu ya kulihangaikia tumbo kuliko mapaja ni kwamba kuna mafuta ya juu yanayoshikika kwa vidole, na kuna ya ndani yanayozunguka utumbo na ini. Haya ya ndani ndiyo yanayovuruga insulini, homoni inayosimamia sukari ya damu. Estrojeni, homoni ya kike, ikishuka kwa mwanamke, mafuta yanahamia huko. Habari njema ni kwamba mafuta ya ndani ndiyo yanayoitikia haraka mtu anapoanza kutembea, mara nyingi kabla mizani haijasema lolote.

Na jambo moja linaniuma: watu wanaambiwa mwili "unazima" wakifika 40. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Walikuta kwamba nishati anayotumia mtu, ukishazingatia ukubwa wa mwili wake na misuli aliyonayo, inabaki palepale kuanzia miaka 20 hadi 60, ndipo inaanza kushuka, kama asilimia 0.7 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu wa miaka 48 akiambiwa tumbo ni umri tu, asikubali kukata tamaa. Angalia misuli, usingizi, kukaa sana, vinywaji.

---

Mzee wa Kisukari

Mimi 66, kisukari miaka tisa. Nilisikia kufunga kula hadi mchana kunayeyusha kitambi. Nikaanza bila kumwambia daktari, vidonge vyangu vya kushusha sukari, glibenklamidi, nikavimeza asubuhi kama kawaida. Siku ya nne, mnamo saa nne asubuhi, nilitokwa jasho la baridi, mikono ikatetemeka, maneno yakanipotea. Mke wangu alinikuta nimekaa sakafuni nashindwa kufungua kifungo cha shati. Alininywesha maji ya sukari, nikarudi taratibu.

Daktari hakunikaripia. Alipunguza dozi, akanipangia saa za kula, ndipo nikaendelea. Kiuno kimetoka 108 hadi 101. Ninyi wenye vidonge vya sukari au sindano ya insulini, msiruke mlo kabla ya kuongea na anayewatibu. Nawasihi.

---

Nesi wa Zamu

Mzee wangu, shukuru mama alikuwa nyumbani. Na wenye dawa za presha pia, uzito ukishuka presha nayo inaweza kushuka, dawa ileile ikawa nyingi. Ukiona kizunguzungu unaposimama, nenda kapimwe.

---

Mama wa Mabinti

Nimesita kuandika, ila hiki kinaweza kumsaidia mtu.

Nina 61. Miaka miwili iliyopita tumbo langu lilianza kukua. Mikono ilikuwa inapungua, mashavu yanaingia ndani, lakini tumbo linakuja. Kila niliyemwambia alinijibu ni kitambi cha uzee, tembea, acha wanga. Nikatembea. Nikaacha wanga. Nikanunua chai ya kupunguza tumbo, ikanipeleka chooni mara nne kwa siku hadi miguu inakakamaa usiku. Miezi mitano.

Nilikuwa nikila vijiko vichache nashiba, nahisi kubanwa hapa chini ya mbavu. Mkojo kila saa. Tumbo lenyewe halikuwa laini, lilikuwa gumu limevutika kama ngoma, na hilo ndilo lilimshtua binti yangu mkubwa siku alipokuwa ananisaidia kuvaa. Alinishika mkono, akaniambia mama, hii si nyama. Kesho yake tukaenda. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi, mkubwa. Nilifanyiwa upasuaji wiki mbili baadaye. Nashukuru majibu ya maabara yalikuja si saratani, lakini daktari aliniambia waziwazi kwamba dalili zingekuwa hizihizi kama ingekuwa ndiyo.

Wanawake wenzangu mliokoma hedhi: tumbo linalokuja ghafla, kushiba upesi, kujaa kusikoisha wiki baada ya wiki, mkojo wa mara kwa mara, au unakonda huku tumbo linakua. Hapo usianze mazoezi, anza na hospitali. Na wanaume pia, tumbo likijaa maji kwa sababu ya ini mwanzoni linaonekana kitambi tu.

---

Mleta mada

Dada yangu, nimekusoma mara mbili. Pole na hongera. Maneno ya binti yako nitayabeba.

---

Mlezi

54. Nilimuuguza mume wangu aliyepooza, nikawa nalala saa nne kwa usiku, vipandevipande. Saa nane za usiku nipo jikoni nakula mkate uliobaki bila hata kuhisi njaa ya kweli. Usingizi ukipungua homoni ya njaa inapanda, nililijua baadaye. Mazoezi yote niliyojaribu hayakushika mpaka mashemeji walipokubali kupokezana naye usiku. Nilipofikisha saa sita na nusu za kulala, ile safari ya jikoni ilikoma yenyewe. Sentimita 5 ndani ya miezi minne, na sikuongeza zoezi hata moja.

---

Mtoto wa Mwisho

Shikamoo mama mleta mada. Mimi nina 34, nawasoma kwa ajili ya baba yangu. Ana 66, kitambi kikubwa, sukari imeanza kuchungulia. Nikimwambia tutembee anasema wakati wake umepita, mwili wa mzee haugeuki. Nimwambie nini?

---

Mleta mada

Marahaba mwanangu. Mwambie hivi. Marekani walifanya utafiti mkubwa kwa watu waliokaribia kupata kisukari, matokeo yakatoka mwaka 2002. Walioongozwa kutembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito, hatari ya kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kwa wenye miaka 60 na kuendelea ilishuka kwa asilimia 71. Wazee ndio waliofaidika zaidi.

Lakini usianze na takwimu. Anza na kiti. Kaa naye, ufanye na wewe, mara tano tano, na kitulie vizuri ukutani. Babangu mwenyewe angeona aibu kufundishwa na mtoto. Angekubali kumsindikiza mtoto.

---

Asiyekata Tamaa

Nami niseme, maana nyuzi kama hizi wanaoandika ni walioshinda. Sijashinda. Nina 57, natumia prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa baridi yabisi miaka sita, na dawa hiyo inajaza uso na tumbo. Haiachwi ghafla, ni hatari, daktari anaishusha kidogokidogo mwaka hadi mwaka. Nimetembea mwaka mzima, kiuno kimetoka 106 hadi 104. Mbili. Nililia siku ile. Halafu nikaenda kliniki, presha imetulia hadi wakanitoa kwenye vidonge viwili kuja kimoja, na naweza kuinuka chooni bila kushika mlango. Kwa hiyo naendelea.

---

Mleta mada

Sentimita mbili ukiwa kwenye hiyo dawa ni kazi kubwa, dada. Kutopanda tu kungekuwa ushindi. Tukae pamoja kwenye uzi huu.

---

Mgeni

Sijawahi kuandika humu. Nimesoma tangu jana. Nimetafuta futi kwenye kikapu cha cherehani cha marehemu mama, nimepapasa mbavu na nyonga kama nesi alivyoeleza, nimepumua nje. 109. Nimeandika na tarehe ya leo nyuma ya mlango wa kabati. Kwenye kiti nimefika mara nne.