Lifti ya angani na ikweta yetu: tuikaribishe au tuikatae?

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Leo naleta jambo ambalo likitajwa kijiweni watu huangua kicheko, ila kuna watu wazima wanalipigia hesabu. Mwaka 2012 kampuni ya ujenzi ya Obayashi ya Japani, hiyohiyo iliyojenga mnara wa Tokyo Skytree, ilitangaza nia ya kujenga lifti ya kwenda anga za juu ifikapo 2050. Kebo ya kilomita 96,000. Ncha ya chini imefungwa kwenye bandari inayoelea baharini, ncha ya juu ina uzito wa kuisawazisha, na mabehewa yanapanda kwa umeme kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa.

Kwa wasiofahamu inasimamaje: kitu kilicho kimo cha kilomita 35,786 juu ya ikweta huzunguka sambamba na dunia, kwa hiyo ukikitazama toka chini kimetulia palepale. Chini ya kimo hicho mvutano wa dunia unashinda na kuivuta kebo. Juu yake mzunguko ndio unaoshinda, unairusha nje. Pande mbili zikilingana, kebo inakazika na kusimama yenyewe bila nguzo. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky aliwaza mnara wa namna hiyo mwaka 1895, na mwaka 1960 mhandisi Yuri Artsutanov akaligeuza wazo: usijenge kutoka chini, shusha kebo kutoka juu.

Sasa kilichonileta. Kitu hiki kinataka ikweta, au jirani yake kabisa. Na ikweta inapita Kongo, Uganda na Kenya, kisha inatokea baharini Somalia. Siku moja mtu atakuja na mkataba mkononi. Msimamo wangu ni kwamba tukatae, hadi ijulikane nani atalipa ikikatika. Anayepinga aje na hoja, matusi abaki nayo.

Fundi Kreni, Mombasa:
Mkuu, unahangaika na mkataba wa kitu ambacho malighafi yake haipo. Mimi mkate wangu ni waya za kreni. Waya wa chuma bora, ukiuning'iniza wima bila mzigo wowote, unakatika kwa uzito wake wenyewe ukifika kilomita 25 au 30. Kevlar, ule uzi wa fulana za kuzuia risasi, itakwenda kama 250. Lifti yenu, hata ukihesabu kwamba mvutano unapungua kadiri unavyopanda, inadai kitu kinachoweza kujibeba kwa kilomita zipatazo 4,900. Mtu ataniambia ifanywe nene katikati na nyembamba miishoni. Sawa, ndivyo wanavyochora wote, lakini kwa chuma unene huo hauandikiki, dunia nzima haina chuma cha kutosha.

Na bado sijataja akiba ya usalama. Kreni ya bandarini hufungwa waya wenye nguvu mara kadhaa ya mzigo wake, kwa kawaida mara tano. Kwenye michoro ya lifti hii nimeona watu wakiridhika na mara mbili. Ukiniletea mchoro huo kazini nakufukuza.

Mwalimu wa Fizikia, Iringa:
Fundi, heshima yako, ila umeishia kwenye Kevlar. Nanotyubu za kaboni, yaani mirija myembamba mno ya kaboni isiyoonekana kwa macho, zimetangazwa tangu 1991. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walivuta fungu la nanotyubu likastahimili zaidi ya gigapaskali 80 (kipimo cha nguvu ya kuvuta kabla kitu hakijakatika). Kwa wepesi wake, hiyo inazipita kilomita 4,900 zako.

Fundi Kreni, Mombasa:
Fungu la urefu gani, mwalimu?

Mwalimu wa Fizikia, Iringa:
Sentimita. Na nanotyubu moja moja, ndefu kuliko zote waliyotangaza hao hao mwaka 2013, ina nusu mita na ushei. Sikatai, urefu bado. Ninachosema, tatizo limehama. Zamani lilikuwa "hakuna kitu chenye nguvu hiyo". Sasa ni "hatujui kukitengeneza kirefu bila kasoro", na hilo ni tatizo la kiwanda.

Halafu tazameni faida. Roketi ikiwa uwanjani, takriban asilimia 90 ya uzito wake ni mafuta. Yaani inabeba mafuta ya kubebea mafuta. Kwa lifti, kupandisha kilo moja hadi kile kimo cha 35,786 kunataka nishati ya uniti 13 na nusu za umeme, uniti hizihizi mnazonunua kwa LUKU. Kweli, kuufikisha umeme huo kwenye behewa kwa leza kutapoteza sehemu kubwa, basi zidisha hata mara kumi. Bado ni pesa ya kawaida. Na leza si ndoto: mwaka 2009 kampuni ya LaserMotive ilishinda dola 900,000 za NASA kwa kupandisha mashine kwa leza kwenye kebo iliyoning'inizwa na helikopta.

Fundi Kreni, Mombasa:
Ilipanda mita 900 tu. Na ungemalizia hadithi yote: kulikuwa na shindano jingine kwenye mpango huohuo, la kutengeneza kebo yenye nguvu ya kutosha. Zawadi ile haikupata mwenyewe.

Mhasibu Mstaafu, Dar es Salaam:
Mwalimu anapiga hesabu ya umeme, mimi naomba tupige ya benki. Hoja ya lifti ilikuwa na nguvu enzi za Space Shuttle, chombo cha anga cha Wamarekani, kilo moja ikigharimu zaidi ya dola 50,000 kufika obiti ya chini, yaani njia ya karibu ya kuizunguka dunia. Leo roketi ya Falcon 9, kwa bei yake ya kutangazwa, ni kama dola 3,000, kwa sababu sehemu ya chini ya roketi inarudi na kutumika tena. Sasa nani atazika mabilioni kwenye kebo isiyoweza kujaribiwa nusu nusu? Roketi ukilipua moja unajenga nyingine. Kebo ama imefika, ama huna kitu.

Binti wa Makueni:
Nyinyi mnabishania bei. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti yetu. Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi, na kwamba vitu vya aina hiyo kwa kawaida huungua vikirudi au huangukia baharini. Hiki hakikuungua, na Makueni haina bahari. Mungu alisaidia hakuna aliyeumia. Kwa hiyo mtu akiniambia kebo ya kilomita 96,000 "itaungua yenyewe", namsikiliza kwa sikio moja.

Mwalimu wa Fizikia, Iringa:
Dada, swali lako ni la haki, nalijibu kwa kirefu kidogo. Inategemea imekatikia wapi. Ikikatika chini, karibu na bandari, kipande cha juu hakianguki, kinapaa na kwenda zake. Ikikatika juu sana, sehemu ya chini inaporomoka na kujilaza kuelekea mashariki, kando ya ikweta. Kutoka pwani yetu mashariki ni Bahari ya Hindi hadi Sumatra. Mbaya kabisa ni ikikatika karibu na ule uzito wa juu, maana kilichobaki ni kirefu kuliko mzingo wa dunia, ambao ni kilomita 40,000 na kidogo.

Ila uzito wake si wa pete ya Mukuku. Katika utafiti uliogharimiwa na NASA mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bradley Edwards alichora utepe mwembamba kuliko karatasi, kilo chache tu kwa kila kilomita. Sehemu zinazotoka juu zinaingia hewani kwa kasi na kuungua. Za chini zinapeperuka.

Daktari wa Mapafu, Nairobi:
Zinapeperuka zikiwa nini? Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha nanotyubu ndefu zinadhuru utando wa ndani ya mwili kwa namna ileile ya asbesto, zile nyuzi za madini zinazoharibu mapafu. Hapa tunazungumzia maelfu ya kilomita za nyuzi hizo zikisagika juu ya visiwa vya watu. Naona mnahesabu kilo tu.

Mwalimu wa Fizikia, Iringa:
Hilo sina jibu lake, daktari. Na kuna jingine ambalo wapenzi wa lifti hatupendi kulisema: kila setilaiti, obiti yake iwe imeinama vipi, hukatiza juu ya ikweta mara mbili kila mzunguko. Setilaiti zinazofanya kazi sasa zimepita 10,000, na zile za chini zinakwenda kilomita saba na nusu kwa sekunde. Kebo imesimama. Ukiiacha hapo bila kuisogeza, mojawapo itaigonga tu, ni suala la muda. Ndiyo maana wanataka bandari inayoelea, ili kebo iyumbishwe kukwepa. Setilaiti nzima unaikwepa kwa kuwa inaonekana kwenye rada. Kipande cha ukubwa wa kokoto hukioni.

Mkaazi wa Kisangani:
Ndugu zangu wa pwani, mimi niko hapa karibu kabisa na ikweta, na nawaambia msituletee. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Waya mmoja toka mawinguni hadi msituni? Hapana, aksanti. Mwaka 1996 Wamarekani na Waitaliano walitoa kebo ya karibu kilomita 20 kutoka chombo cha anga cha Columbia, ikakatika kwa cheche ya umeme, na huko juu hakuna hata mvua.

Lakini nakumbusha pia kwamba mwaka 1976, kule Bogotá, nchi nane za ikweta zilitia saini tamko kwamba sehemu ya obiti ya kile kimo cha kilomita 35,786 iliyo juu yao ni mali yao. Zaire yetu ilikuwamo, pamoja na Kongo-Brazzaville, Uganda na Kenya. Wakubwa hawakulikubali.

Mzee wa Ngomeni:
Wanangu, mnaongea kama ikweta ni ngeni kwetu. Hapa mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini, kuanzia 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru, iliruka moja wakaiita Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei angani. Mwisho ilikuwa 1988. Kenya ilipopata setilaiti yake ya Taifa-1, mwaka 2023, ilirushiwa California. Kuwa karibu na ikweta ni kitu kizuri, lakini msidhani mtu atakilipia kwa sababu tu mnacho.

Wakili, Kampala:
Naunga mkono mleta mada, ila naona hajafika penye mwiba. Mkataba wa mwaka 1972 wa dhima ya vitu vya angani unasema nchi inayorusha inalipa madhara yaliyotokea ardhini hata kama haikuwa na uzembe. Na "nchi inayorusha" ni pamoja na ile ambayo ardhi au kituo chake kimetumika. Zaidi ya mmoja wakihusika, mdai ana haki ya kumdai yeyote kati yao fidia yote. Kwa hiyo kampuni ikijenga kwetu, utepe ukalala Sumatra, Indonesia inaweza kutudai sisi, halafu tuhangaike na mwekezaji. Na malipo hayaji kwa mteremko. Setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954, yenye kinu cha nyuklia, ilianguka Kanada Januari 1978. Kanada ilidai takriban dola zake milioni 6, ikalipwa milioni 3 mwaka 1981.

Na je, behewa linalopanda kwa magurudumu "limerushwa"? Mkataba uliandikwa kwa ajili ya roketi. Mawakili wa mwekezaji watasema halikurushwa, na hapo tunabaki bila mkataba wowote.

Mleta mada:
Wakili, hicho ndicho nilikuwa natafuta. Basi nabadilisha: tusiseme hapana tupu, tuseme hapana hadi kipengele cha mwenyeji kiandikwe upya.

Mwalimu wa Fizikia, Iringa:
Mnajadiliana bei na mtu ambaye hajabisha hodi. Edwards alipotafuta mahali alipendekeza Pasifiki, magharibi ya Ekwado, bahari kuu isiyo ya nchi yoyote, kwa sababu radi ni chache na dhoruba kubwa hazifiki. Hawahitaji Malindi wala Kisangani. Watajenga huko, na ikiporomoka ikajizungusha kwenye ikweta, Kenya na Uganda zimo njiani.

Mleta mada:
Kama ni hivyo, mahali pa kugombania ni Vienna, kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu. Kenya ni mwanachama. Wakili, nchi inaweza kudai kipengele kwa kuwa iko chini ya njia ya kuanguka tu, bila kuwa mwenyeji?

Wakili, Kampala:
Kudai inaweza. Kwa sheria ilivyo leo, haki yake inaanza kitu kikishaanguka.