Kikundi cha simu cha majirani wa Walukuba, Jinja, Uganda: mdahalo wa Shamimu

Shamimu: Asalam aleikum wote. Shikamoo Hajati, shikamoo Mzee Afande. Ijumaa tuna mdahalo chuoni na nimepewa upande nisioupenda. Naombeni msaada.

Hajati: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Makerere hamjambo huko? Haya, sema.

Shamimu: Hatujambo. Ni habari ya Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani. Novemba 2015 wanafunzi weusi waliandamana kupinga ubaguzi, wakapiga mahema uwanjani. Akaja mwanafunzi mmoja anarekodi video. Mhadhiri mmoja, Melissa Click, akamwambia aondoke, akaipiga kamera kwa mkono, halafu akapaza sauti kutafuta wenye misuli waje wamtoe. Video ikazunguka dunia. Februari 2016 bodi ya chuo ikapiga kura, 4 kwa 2, akafutwa kazi. Mimi natakiwa niitetee bodi.

Fundi Sudi: Mbona umepewa ulaini? Cheza video, kaa chini 😂

Mama Rehema: Mukene wa leo, dagaa wetu wa ziwani, umefika, mkavu, hauna mchanga. Nani niwawekee?

Hajati: Mama Rehema, mwache mtoto amalize kwanza. Mimi niwekee.

Mzee Afande: Hapa hakuna mdahalo. Mwalimu anaita watu wampige mwanafunzi! Aende nyumbani.

Mwalimu: Hakusema apigwe, Afande. Amesema atolewe.

Mzee Afande: Mwalimu, mimi nimesimama mbele ya maandamano miaka yote ya kazi yangu. Ukiita vijana wenye nguvu katikati ya watu wenye hasira, wewe huwezi kuwapimia watatumia nguvu kiasi gani. Akianguka mtu, nani atajibu? Mhadhiri ndiye mtu mzima pale. Yeye ndiye wa kupoza.

Shamimu: Hiyo naiandika, Mzee.

Baba Aisha: Nimetoka zamu sasa hivi kiwandani, nasoma kutoka juu. Hao wanafunzi walipata walichodai?

Shamimu: Walimtaka rais wa vyuo vya jimbo, Tim Wolfe, ajiuzulu. Mmoja wao aligoma kula kuanzia tarehe 2 Novemba, Wolfe akabaki kitini. Tarehe 7 wachezaji weusi wa timu ya chuo wakatangaza hawachezi tena mpaka aondoke, na kocha akasimama nao. Mechi moja tu wasiyocheza ingekigharimu chuo dola milioni 1. Tarehe 9 Wolfe akajiuzulu. Siku hiyohiyo ndiyo ya ile video.

Fundi Sudi: Subhanallah. Mtoto wa watu ana njaa wiki nzima, kimya. Mpira ukiguswa, siku mbili tu mzee nje!

Baba Aisha: Pesa hiyo. Si mpira.

Mwalimu: Shamimu, kabla hawajamfuta kazi, alisikilizwa na nani?

Shamimu: Bodi iliajiri mawakili wachunguze, wakamhoji. Lakini hakupelekwa mbele ya kamati ya wahadhiri wenzake. Na Januari wabunge zaidi ya 100 wa jimbo walikuwa wameandika barua kutaka afukuzwe.

Mwalimu: Wabunge hao ndio wanaopitisha bajeti ya chuo?

Shamimu: Ndio haohao.

Mwalimu: Basi hapo ndipo kesi ilipo, mengine yote ni kelele za video. Kosa alifanya, na mwenyewe aliomba radhi, nadhani.

Shamimu: Kesho yake tu.

Mwalimu: Sawa. Swali langu ni nani aliyeshika kalamu. Mwalimu akikosea, kuna mlolongo: anasomewa mashtaka, wenzake wanaojua kazi wanamsikiliza, anakata rufaa. Bodi ikiuruka mlolongo kwa sababu mwenye pesa amekunja uso, kesho itauruka hata kwa aliyesema kweli.

Mzee Afande: Unamtetea.

Mwalimu: Simtetei yeye, Afande. Mwaka huohuo wa 2016, mwezi wa nne, hapa kwetu Makerere ilikuwaje? Mtafiti Stella Nyanzi na mkuu wake, Profesa Mamdani, wamegombana, ofisi imefungwa...

Hajati: Mwalimu, wajukuu wanashika simu hii!

Mama Rehema: Hajati, Uganda nzima iliona, wajukuu wako watakuwa wa mwisho 😂 Yule mama alivua nguo kwa sababu alifungiwa ofisi. Kwetu mama akifika hapo, hakuna mzaha tena.

Mzee Afande: Chuoni? Mbele ya kamera? Huyo ndiye mfano wako, Mwalimu?

Mwalimu: Ndiyo, kwa sababu ni mfano mgumu. Baadaye alisimamishwa kazi. Lakini sheria ya vyuo ya 2001 inampa mfanyakazi mahali pa kukata rufaa, lile baraza la rufaa la wafanyakazi wa chuo. Akaenda, na 2018 wakaamua arudishwe kazini. Kurudi kwenyewe kukashindikana, najua, chuo kiligoma. Ila hukumu ipo kwenye karatasi, na mtu yeyote anaweza kuisoma.

Baba Aisha: Hukumu isiyotekelezwa inanunua unga wa posho?

Mwalimu: 🤐

Shamimu: Na Oktoba 2019, hapohapo Makerere? Wasichana walianza kuandamana kupinga nyongeza ya karo ya asilimia 15, wanajeshi wakaingia usiku bweni la Lumumba Hall, wakavunja milango. Kule mtu amepoteza kazi kwa kusukuma kamera. Hapa nani alipoteza?

Mama Rehema: Wewe mtoto, andika taratibu. Kikundi hiki kina masikio.

*Ujumbe huu umefutwa.*

Fundi Sudi: Afande, umefuta nini? Tumeona! 😂

Mzee Afande: Vidole vinene. Nilisema hivi: waliovunja milango nao wangesomewa mashtaka. Sikupenda mambo yale.

Hajati: Mwenyezi Mungu akulipe, Afande. Sasa tumrudie mtoto, Ijumaa imekaribia.

Shamimu: Kuna video ya pili, ya Oktoba 2015. Wanafunzi walizuia gari la Wolfe kwenye gwaride la chuo, polisi wakaja kuwaondoa, Click akamtukana askari.

Mzee Afande: AHAA!

Shamimu: 😂 Nilijua. Halafu mwendesha mashtaka wa mji alimfungulia kesi ndogo ya shambulio. Wakakubaliana afanye saa 20 za kazi za kijamii, kesi isiendelee.

Mwalimu: Yaani mwendesha mashtaka ameona saa 20 zinatosha, bodi ikaona achukuliwe mkate wote. Juni 2016 chama cha maprofesa wa Marekani, AAUP, kikakiweka chuo kwenye orodha yake ya lawama. Nakumbuka kuisoma.

Shamimu: Ndiyo, kwa sababu ya utaratibu, si kwa sababu hakukosa. Na yeye mwaka huohuo akapata kazi Gonzaga, chuo kingine.

Mama Rehema: Riziki haifungwi.

Baba Aisha: Shamimu, wewe uko upande wa bodi. Hoja ya Mwalimu usiiguse hata kidogo. Shika hoja ya Afande: mtu mzima ndiye wa kupoza, na video ni mbili, si moja.

Mwalimu: Na wakikuuliza kuhusu utaratibu, sema alikuwa bado hajapata ajira ya kudumu. Wenzako watajibu kwamba hata huyo anastahili kusikilizwa. Hapo utakwama, nakwambia mapema.

Shamimu: Hakuna njia ya kutoka?

Mwalimu: Mimi sijaiona. Muulize Afande.

Mzee Afande: Waambie mawakili walimhoji. Inatosha.

Fundi Sudi: Na ya mpira uiseme kwanza, ukumbi uamke.

Mama Rehema: Mukene umebaki kidogo. Afande, nikuwekee?