Kuvua kwa ndoana Ziwa Nabugabo: chambo gani, na samaki gani warudishwe majini?

MkaziWaMasaka

Ndugu wavuvi, salaam. Watoto wangu wameniomba niwafundishe kuvua kwa ndoana likizo hii, nami nimechagua Ziwa Nabugabo, huku kwetu Masaka, Uganda, kwa sababu ni dogo, kina chake si kirefu, na upande wa magharibi una ufuo wa mchanga ambapo mtu anaweza kusimama bila kukodi mtumbwi. Uvuvi niliokulia nao ni wa nyavu katika Ziwa Viktoria, kwa hiyo mambo ya ufito, mshipi mwembamba na boya dogo ni mageni kwangu. Naomba ushauri kuhusu chambo na mahali pa kusimama, na zaidi kuhusu jambo hili: mtu anayevua ili kujifunza achukue samaki gani na amrudishe yupi? Sipendi watoto waamini kwamba kila kinachonasa ni cha kikaangoni.

MvuviWaUfuoni

Karibu, ndugu yangu. Kwa watoto anza na sato, ambaye hukubali minyoo ya ardhini na hata tonge dogo la ugali uliokandwa ukakaza. Tumia ndoana ndogo, chubwi jepesi na boya ambalo mtoto ataliona likizama, na mwende alfajiri au jioni, kwa kuwa jua likishapanda samaki wengi huondoka kwenye maji ya kina kifupi. Msisimame katikati ya ufuo wanakoogelea watu. Sogeeni hadi mchanga unapokutana na matete, mtupe ndoana kando ya majani na si ndani yake.

Kambare hupatikana jioni, hasa mvua zinapoanza, kwa minyoo au matumbo ya samaki yaliyolala chini kabisa. Kamongo naye hukaa kwenye kinamasi, na akinaswa usimwachie mtoto amtoe ndoana, kwa maana taya zake zina nguvu ya kuponda kidole. Waulize pia watoto watakaofuatana nanyi kama wapo wa ukoo wa Mmamba (ukoo wa Waganda uliopewa jina la kamongo), kwa sababu samaki huyo ni mwiko wao na haifai kuwapelekea mezani.

Kuhusu kurudisha, vipimo vya chini vilivyowekwa kwa Ziwa Viktoria ni sentimita 50 kwa sangara na 28 kwa sato, nami huvifuata huku pia. Chukua rula.

MwalimuWaBiolojia

Nakubaliana na aliyetangulia, ila naomba nizungumzie zaidi hayo matete, kwa sababu kwa Nabugabo ndiyo kiini cha swali lako. Ziwa hili lilikuwa ghuba ya Ziwa Viktoria hadi ukuta wa mchanga ulipolitenga, takriban miaka elfu nne hadi tano iliyopita, na katika muda huo, ambao kwa mageuzi ya viumbe ni mfupi sana, likapata samaki wake lenyewe. Mwaka 1965 mtaalamu P. H. Greenwood alieleza spishi tano za nkejje, samaki wadogo wa jamii ya sato, ambazo alizitambua kuwa za ziwa hili. Sangara aliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nkejje wengi wakatoweka kwenye maji ya wazi. Waliosalia walijificha pembeni, kwenye mafunjo na nyasi za kinamasi, ambako oksijeni ni kidogo mno kwa sangara lakini wao huivumilia. Vilevile vijiziwa vya jirani, kama Kayanja na Kayugi, ambavyo sangara hakufikishwa, vimeendelea kuwatunza.

Kwa hiyo anayefyeka matete ili apate nafasi ya kutupia mshipi anabomoa maficho ya samaki hao, hata kama siku hiyo hakuvua kitu. Nkejje akinaswa, lowesha mikono kabla ya kumshika, mtoe ndoana taratibu, mrudishe. Sato jike akionekana ametuna kooni, huenda amebeba mayai au vifaranga mdomoni, naye arudishwe mara moja hata kama amezidi kipimo. Mashimo ya mviringo mtakayoyaona kwenye mchanga wa maji mafupi ni viota vilivyochimbwa na sato dume. Waonyesheni watoto, lakini wasivikanyage.

MkaziWaMasaka

Nawashukuru sana, ndugu na mwalimu. Je, ninahitaji kibali? Na ndoana ikiwa imemezwa hadi ndani, nifanyeje?

MvuviWaUfuoni

Kwa kibali, fika kwanza kwa ofisa wa uvuvi wa wilaya au kamati ya mwaloni ulio karibu, uwaeleze kwamba mtavua kwa ufito na kwamba samaki si wa kuuza. Na kama mtasimama kwenye eneo la kambi ya wageni, muombe ruhusa ya wenyewe. Ndoana iliyomezwa usiivute, kata mshipi karibu na mdomo umwachie samaki aende. Afadhali zaidi, kabla hamjatoka nyumbani, bana kwa koleo kile kijino cha ndoana kinachorudi nyuma mpaka kilale. Ndoana itatoka kwa urahisi kwenye mdomo wa samaki, na kwenye kidole cha mtoto pia ikitokea imemchoma.