Naomba ushauri: klabu ya urithi wa Mto Tana shuleni

Hamjambo wenzangu. Nafundisha shule ya msingi kwenye vijiji vya Wapokomo, kando ya Mto Tana, Kenya. Wanafunzi huimba wimbo wa taifa bila kujua lahani yake ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Ngadji, ngoma takatifu ya wazee, iko British Museum tangu 1908, wanaiona kwa picha tu.

Nataka wazee waje Ijumaa jioni waonyeshe kuchonga mtumbwi, wasimulie kilimo cha mafuriko. Wazazi wengine wananung'unika: mtihani je? Hayo nitayamudu. Kinachonisumbua ni watoto wa Waorma, jamii jirani ya wafugaji, walio darasani. Baada ya mapigano ya 2012 kati ya Wapokomo na Waorma, sitaki hata mmoja ajione mgeni. Nianze na urithi wa nani? Na mzee nimpe nauli au sukari na majani ya chai?