Waliowahi kumuomba mtoto msamaha tupeane uzoefu (walokole, wakatoliki, wote karibuni)

MamaDoto: Habari wapendwa. Jumapili ilikuwa zamu yangu Sunday school, somo Marko 10 pale Yesu anawakemea wanafunzi kwa kuwazuia watoto. Nikauliza darasa, nani anazuia watoto wasiende kwa Yesu, nategemea waseme shetani. Katoto kakanyoosha mkono, "mama, akinichapa asubuhi ya kanisa". Katoto kenyewe kangu 😂 Na kweli nilimchapa kisa kiatu hakionekani tunachelewa ibada, kumbe kiatu nilikiweka mwenyewe juu ya kabati. Jioni nikamwambia nisamehe mwanangu, akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Kwetu sikuwahi kusikia mtu mzima anamwambia mtoto samahani. Leteni yenu.

Mzee wa Sanda: Mithali 13:24 ipo, asiyetumia fimbo humchukia mwanawe. Mi nachapa na sijifichi. Ila kuna siku nilimchapa wa kwanza nikiwa nimetoka kugombana kazini, akakojoa hapo hapo, miaka tisa. Paulo anasema akina baba msiwachokoze watoto wenu wasije wakakata tamaa, huo mstari nilikuwa naujua wa kichwani tu. Msamaha sikuomba, nilimnunulia chipsi. Ndo najua sasa kwamba chipsi sio msamaha.

bint_wa_kwaya: Yangu sio ya kucheka samahanini. Nikiwa na miaka 11 kuna mtu mzima wa kanisani alikuwa anatufundisha kuimba, nikamwambia mama sitaki tena kwenda mazoezi. Sikusema kwa nini, nilikuwa sina maneno. Mama akasema usimvunjie heshima mtumishi, nikapelekwa kwa kushikwa mkono. Nimekuja kumwambia nina miaka 30, tunachambua mchele jikoni, akaacha ungo akakaa kimya weee halafu akasema "ulisema hutaki mwanangu, na mimi nikakupeleka. Nisamehe." Wanangu mimi wakikataa kumkumbatia mtu simlazimishi, shikamoo ya mbali inatosha, anayenuna anune. Na siku za watoto kila mwaka tunahubiriwa Mathayo 18 mstari wa 3, tuwe kama vitoto, ule wa 6 wa anayemkosesha mtoto, kwamba heri afungwe jiwe la kusagia shingoni, mbona mnauruka?

MamaDoto: Pole sana mdogo wangu. Nimelia kwenye daladala.

Mwl_Ibrahim: bint_wa_kwaya ubarikiwe kusema. Kwetu tuliweka utaratibu, darasa la watoto walimu wawili, mlango wazi, hakuna kumrudisha mtoto nyumbani peke yako. Kuna wazee walinuna eti tunawaona wahalifu. Nikawasomea 1 Samweli 3, Mungu kampitishia kitoto Samweli ujumbe mbaya kuhusu nyumba ya kuhani Eli, na mzee Eli akambana akisema usinifiche hata neno. Akaambiwa yote yanayomhusu yeye na wanawe, hakumpiga, hakusema huna adabu. Wazee wetu wakakaa kimya. Na mkisikia jambo msilimalize kwenye kikao cha wazee, piga 116 ya watoto ni bure, nendeni na dawati la jinsia polisi, maombi yaendelee huko huko.

Mzee wa Sanda: Hiyo ya Eli sikuwahi kuiangalia hivyo. Wa kwanza yuko bweni form two, akirudi likizo nitamwambia, sijui nitaanzaje.

MamaDoto: Anza tu hata kwa kukohoa 😂 Wangu amesamehe, sasa anauliza baba ataomba lini. Baba yupo hapa anaangalia mpira, kajifanya hasikii.