Laptopu inakufa, simu inajibu: kugawanya int kwenye C

mgeni_wa_C: Wakuu, habari za usiku. Nina kaprogramu kadogo ka lugha ya C: kanasoma int (namba nzima) mbili, kanagawanya ya kwanza kwa ya pili. Nimekapa -2147483648 na -1. Kwenye laptopu ya Intel yenye Linux kamekufa palepale, eti kosa la namba za desimali. Desimali ipi sasa? Kodi ileile nikaikompaili kwenye simu kwa Termux, app ya terminali: haikufa, ila jibu ni -2147483648. Hasi kwa hasi si chanya jamani? Kipi kibovu?

sifuri_moja: Umegawanya kwa sifuri hapo. Kagua scanf yako, inayosoma namba.

mgeni_wa_C: Hapana mkuu, nimeziprinti zote kabla ya kugawanya. Halafu nikiandika x / -1 ndani ya kodi yenyewe, laptopu nayo inajibu kama simu!

mzee_wa_rejista: Vyote vizima. Int ya biti 32 inaishia 2147483647, na jibu lako ni 2147483648. Limekosa pa kukaa kwa namba moja tu.

Prosesa za Intel, kwenye amri ya kugawanya, idiv, zina kilio kimoja kwa makosa mawili: kugawanya kwa sifuri, na jibu kufurika, ndiyo maana jamaa hapo juu akadhani sifuri. Linux inakipeleka kwa programu kama ishara ya SIGFPE (floating-point exception), jina lenye desimali ndani yake. ARM, prosesa ya simu yako, haisemi kitu. Amri yake ya kugawanya, sdiv, inabakiza biti 32 za chini na kusonga mbele. Hata ukigawanya kwa sifuri inakupa 0. Mimi hilo silipendi, heri ife nijue.

Ukiandika -1 ndani ya kodi, kompaila haigusi idiv, maana kugawanya ni ghali. Inageuza alama tu kwa amri ya neg. Jaribu kwa biti 8 kwenye karatasi: 10000000 (namba ndogo kuliko zote, -128), pindua zote upate 01111111, ongeza 1. Umerudi ulikotoka. Neg inawasha bendera ya kufurika (biti ya prosesa inayosema jibu halikuenea), lakini kodi yako haiiangalii.

Kagua kabla ya kugawanya: b ni 0? Au a ni INT_MIN (int ndogo kuliko zote, -2147483648) na b ni -1? C yenyewe haikuahidi chochote kwa hali hizo.

mgeni_wa_C: Shukrani mkuu. Kwenye % niko salama lakini? Baki si ni 0 tu, inakaa popote.

mzee_wa_rejista: Kwenye laptopu itakufa vilevile. Idiv hutoa jibu na baki kwa mpigo mmoja, na jibu likifurika hata baki huipati.