Uwanja umelowa oili chafu, Jomvu, Mombasa: mboji ya nyungunyungu yafaa?

Kijana wa Jomvu: Wakubwa, shikamooni. Kiwanja kilichokuwa gereji, mita 4 kwa 5, kimelowa oili ya injini na dizeli hadi shubiri moja chini. Kisima kiko hatua 15, na maji yake yana utando wa rangirangi. Nina magunia 6 ya mboji ya nyungunyungu, na nyungunyungu wenyewe kwenye ndoo. Niwaachilie humo moja kwa moja?

Bi Makumbi: Marahaba. Usiwaachilie, watakufa. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, na oili ikimpaka anakosa hewa. Wanaokula oili hasa ni bakteria. Mboji inawaleta hao pamoja na naitrojeni na fosforasi, vitu ambavyo oili haina vya kutosha.

Udongo wako ni kama debe 200. Magunia 6 ni debe 30 hivi, yanatosha debe 90 tu za udongo, kwa kipimo cha debe 3 za udongo kwa 1 ya mboji. Kwa hiyo anza na nusu. Usiinyunyize mboji kidogo kidogo kiwanja kizima, utapoteza yote.

Tandika turubai nene kivulini, changanya udongo na mboji juu yake, ongeza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ili hewa ipite. Tuta lisipite nusu mita kwenda juu. Madonge yaliyoganda kama lami yatoe kando. Finya konzi moja ya mchanganyiko: litoke tone moja au mawili. Maji yakichuruzika umezidisha, hewa imekatika, na tuta litanuka mayai viza. Geuza kila wiki. Masika yakiingia, funika, la sivyo oili itakimbilia kisimani.

Fundi Karai: Utajuaje tuta limeiva, yaani halidhuru tena nyungunyungu? Chukua karai, nusu tia udongo wa tuta, nusu udongo safi, vyote vyenye unyevu sawa. Weka nyungunyungu 10 kwenye mpaka, funika siku 2. Wakikimbilia wote upande safi, bado. Wakigawanyika, hapo waingize tutani waendelee kuulegeza udongo. Dizeli hupungua ndani ya miezi. Sehemu nzito ya oili ya injini yaweza kupita mwaka.

Mzee wa Visima: Ndugu yangu, kisima kwanza! Acheni kuyanywa maji hayo leo. Kuchemsha hakuondoi oili. Utando uopoe kwa makumbi makavu. Pipa la kuchujia lenye kokoto, mchanga na mboji hupunguza oili, lakini maji yake ni ya kumwagilia tuta tu, si ya kunywa. Mboji ya pipa ikishashiba oili, irudishe tutani, usiitupe kwenye mkondo wa maji. Peleka sampuli kwa Mkemia wa Serikali.

Kijana wa Jomvu: Ahsanteni. Tuta likiiva, naweza kupanda mchicha?

Bi Makumbi: Hapana. Oili iliyotumika hubeba madini ya risasi na zinki, na madini hayo bakteria hawayali. Panda nyasi au maua.